Kauli kwa Kabila, Mkoba kwa Jimbo

Katika ofisi nyingi za ustawi wa jamii za makabila ya Wenyeji wa Marekani, kazi ya siku huanza na bahasha za rejista. Ndani ya bahasha mna taarifa kwamba mahakama ya jimbo fulani, pengine lililo mbali kwa safari ya siku mbili, imefungua shauri la kumwondoa mtoto kwa wazazi wake, na kwamba kuna sababu ya kuamini kuwa mtoto huyo ni wa kabila hilo. Isipokuwa pale penye dharura, mahakama hairuhusiwi kusikiliza shauri la kumweka mtoto katika malezi ya kambo, yaani nyumbani kwa mlezi wa muda aliyeidhinishwa na serikali, kabla hazijapita siku 10 tangu kabila lilipopokea barua. Ndani ya siku hizo ofisa, ambaye katika makabila madogo huwa peke yake, anapaswa kupekua daftari la wanachama, kuwapigia simu mashangazi na mababu, kutafuta wakili anayeweza kusimama katika mahakama za jimbo lile, na kushauri kama kabila liingie katika shauri, liombe lihamishiwe kwenye mahakama yake, au linyamaze kwa kukosa nauli.

Naanza na bahasha hiyo kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu programu zinazoongoza katika kuwalinda watoto wa makabila haya huanzia kwenye mitaala, mafunzo ya watumishi na miongozo yenye majalada mazuri, na mengi ya hayo yana manufaa ya kweli. Hata hivyo, ukizifuatilia programu zilizodumu na zikabadili maisha ya familia, utakuta kwamba kinachozitenganisha na nyingine ni jambo la kawaida kabisa la utawala: anayeamua mtoto alelewe wapi ndiye pia anayeshika fedha za kumlea. Penye kauli bila mkoba, kabila linabaki kama mfiwa aliyealikwa kwenye matanga ya kwao mwenyewe, akasikilizwa kwa heshima, kisha wengine wakapanga mazishi.

Kwa msomaji wa Kiswahili neno kabila lina mtego wake. Kwetu kabila ni lugha, mila na jina la ukoo, na halina serikali inayotambuliwa na katiba. Nchini Marekani kabila linalotambuliwa na serikali kuu ni dola ndani ya dola: lina raia wake walioandikishwa, baraza lake, na aghalabu mahakama na polisi wake. Makabila ya namna hiyo ni zaidi ya 570, kuanzia vijiji vya Alaska vyenye watu wachache hadi Taifa la Navajo, ambalo ardhi yake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikijumlishwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya huduma za ustawi wa watoto za kabila, tunazungumza juu ya idara ya serikali, wala si juu ya chama cha utamaduni.

Idara hizo zilizaliwa kutokana na madhara makubwa. Mwaka 1879 ofisa wa jeshi Richard Henry Pratt alifungua huko Carlisle, Pennsylvania, shule ya bweni iliyokuwa kielelezo cha nyingine nyingi, ambako watoto walikatwa nywele, wakabadilishwa majina na kukatazwa lugha za mama zao. Uchunguzi wa Wizara ya Mambo ya Ndani uliokamilika Julai 2024, chini ya Waziri Deb Haaland, ambaye mwenyewe ni wa kabila la Laguna Pueblo, ulihesabu shule 417 za mfumo huo na vifo vya watoto visivyopungua 973. Miezi mitatu baadaye Rais Joe Biden alikwenda Arizona, katika ardhi ya kabila la Gila River, kuomba radhi kwa niaba ya taifa.

Shule zilipoanza kupoteza nguvu, zamu ikawa ya maofisa ustawi. Kati ya mwaka 1958 na 1967 idara ya serikali kuu inayoshughulikia makabila, ikishirikiana na shirikisho la mashirika ya ustawi wa watoto, iliendesha mradi uliowapeleka watoto 395 kuasiliwa, kwa kawaida na familia za Wazungu zilizo mbali na walikozaliwa. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Uzito wake ulikuwa katika kibali ulichowapa wengine. Utafiti uliofanywa mwaka 1969 na kurudiwa 1974 ulionyesha kuwa kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wote wa makabila walikuwa wametenganishwa na familia zao, na katika jimbo la Minnesota, mwaka 1971 hadi 1972, karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya umri wa mwaka mmoja aliasiliwa. Sababu zilizoandikwa kwenye majalada zilikuwa umaskini, nyumba yenye watu wengi, na mtoto kuachwa kwa bibi. Ni mtu aliyekulia kwa bibi yake ndiye anayeelewa vizuri jinsi sababu hiyo ya tatu ilivyokuwa ya ajabu.

Bunge la Marekani lilijibu mwaka 1978 kwa Sheria ya Ustawi wa Watoto wa Wenyeji, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter tarehe 8 Novemba. Sheria hiyo ilizipa mahakama za makabila mamlaka kamili juu ya watoto wanaoishi katika ardhi ya kabila, na haki ya kuomba mashauri ya walio nje yahamishiwe kwao. Iliagiza kwamba mtoto anayeondolewa apelekwe kwanza kwa jamaa, wakikosekana kwa familia nyingine ya kabila lake, kisha kwa familia ya kabila lingine. Iliwataka maofisa wafanye juhudi za dhati za kuisaidia familia kabla ya kuivunja, na ikataka haki za mzazi zisifutwe mpaka ithibitike pasipo shaka yoyote ya maana, kipimo kilekile cha kumtia mtu hatiani kwa jinai. Wataalamu wengi wa ustawi wa watoto huiita kiwango cha dhahabu, na nadhani hawajatia chumvi.

Kile ambacho sheria hiyo haikufanya ni kuweka fungu la fedha linalolingana na mamlaka iliyotoa. Kulikuwa na ruzuku ndogo za kuendeshea ofisi, basi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, Bunge lilianzisha chini ya Sura ya IV-E ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii mfuko mkubwa unaozirudishia serikali sehemu ya gharama za malezi ya kambo na za kuasili, likayapa majimbo mlango na kuyaacha makabila nje. Kabila lililotaka fedha hizo lilipaswa kusaini makubaliano na jimbo lake, ikiwa jimbo lilikubali, na kwa masharti ya jimbo. Hali hiyo ilidumu kwa karibu miaka thelathini. Mahakama ya kabila ingeweza kuamuru mtoto akae kwa mjomba wake, lakini mjomba huyo hakuwa na hakika ya kupata posho ambayo mgeni wa mjini, aliyeidhinishwa na jimbo, aliipata kila mwezi.

Matokeo ya kuitegemea mahakama ya jimbo yalionekana wazi huko South Dakota. Mwaka 2013 makabila mawili ya Sioux, Oglala na Rosebud, yalifungua kesi katika mahakama ya serikali kuu kuhusu vikao vinavyofanyika ndani ya saa 48 baada ya mtoto kuchukuliwa katika kaunti ya Pennington. Ushahidi ulionyesha kwamba baadhi ya vikao havikuchukua hata dakika tano, kwamba wazazi hawakuruhusiwa kutoa ushahidi wala kuonyeshwa hati ya madai dhidi yao, na kwamba katika vikao vilivyochunguzwa jimbo lilishinda vyote. Jaji aliyapa makabila ushindi mwaka 2015. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikautengua, kwa hoja kwamba mahakama ya serikali kuu haikupaswa kuingilia mashauri ya jimbo. Sheria ya 1978 ilikuwa ikitumika rasmi muda wote huo.

Mlango wa fedha ulifunguliwa mwaka 2008, Bunge liliporuhusu makabila kuendesha mfuko wa IV-E moja kwa moja. Kabila la kwanza kuidhinishwa lilikuwa Port Gamble S'Klallam, lililoko katika rasi ya Kitsap jimboni Washington, mwaka 2012. Hili ni kabila dogo, lenye wanachama zaidi kidogo ya elfu moja, na ndiyo maana mfano wake una uzito: kabila dogo liliweza kujenga idara yenye kuandikisha walezi, kupeleka mashauri katika mahakama yake yenyewe na kudai fedha zake kwa serikali kuu bila kupitia mji mkuu wa jimbo.

Kwa nini basi makabila yaliyofuata njia hiyo ni machache kiasi hiki kati ya hayo yote? Mfuko wenyewe hauleti fedha mbele. Kabila hulipa kwanza, kisha hudai sehemu ya kile lilicholipa. Kwa posho za walezi serikali kuu inaweza kurudisha hadi asilimia 83, kwa kutegemea kipato cha wananchi wa kabila, lakini kwa gharama za utawala hurudisha nusu tu, na nusu nyingine kabila huitafuta kwenye hazina isiyo na kodi ya ardhi wala kodi ya mapato ya kutegemewa. Mtoto anayelipiwa lazima awe ametoka katika nyumba iliyokuwa maskini kwa vipimo vya mpango wa misaada vilivyokuwapo tarehe 16 Julai 1996, mpango ambao wenyewe ulifutwa mwaka huohuo. Ofisa wa kabila anapaswa kujaza fomu za mwaka huu kwa kutumia umaskini wa karne iliyopita. Ruzuku ya maandalizi, isiyozidi dola 300,000 na inayotolewa mara moja, hutumika kujenga mfumo wa kumbukumbu, kuandika upya kanuni na kujiandaa kwa ukaguzi, nayo huisha wakati ambapo mishahara ndiyo kwanza imeanza kuhitajika.

Kuongoza programu ya namna hii kunahitaji kiongozi mwenye tabia mbili ambazo ni nadra kukaa kwa mtu mmoja: awe anajua nani ni shangazi wa nani katika vijiji vyote, na awe anaweza kusoma waraka wa bajeti wa serikali kuu bila kusinzia. Taasisi za msaada zilizofanikiwa ni zile zinazomsaidia kiongozi huyo bila kumnyang'anya usukani. Chama cha kitaifa cha ustawi wa watoto wa Wenyeji, NICWA, chenye makao Portland, Oregon, kilichoasisiwa na Terry Cross wa taifa la Seneca, kimefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980 kwa mafunzo na utetezi wa kisera. Shirika la Casey Family Programs la Seattle, lililotokana na mali ya mwasisi wa kampuni ya vifurushi ya UPS, linatia fedha na wataalamu mahali ambapo fedha za umma hazifiki. Kinachobaki kuwa udhaifu ni kwamba hisani ya taasisi binafsi haiwezi kugeuzwa kuwa mshahara wa kudumu wa ofisa wa kijijini.

Yapo makabila yaliyochagua njia ya tatu, ya kuchukua kazi kutoka kwa jimbo pamoja na fungu lake, nayo ndiyo inayonivutia zaidi kwa uhalisia wake. Minnesota ni jimbo ambako ustawi wa watoto huendeshwa na kaunti, na ambako uwezekano wa mtoto wa kabila kutolewa nyumbani umekuwa zaidi ya mara kumi ya ule wa mtoto wa Kizungu. Ardhi ya White Earth inaingia katika kaunti tatu, kwa hiyo kwa miaka mingi watoto wa ukoo mmoja waliweza kuwa chini ya ofisi tatu zenye taratibu tofauti. Kwa makubaliano yaliyowekwa katika sheria ya jimbo, White Earth na Leech Lake, yote ya watu wa Ojibwe, yalichukua kazi hiyo kutoka kwa kaunti: simu ya kwanza ya taarifa, uchunguzi, uamuzi wa mahakama na malezi, pamoja na fedha ambazo kaunti ingezitumia. Jimbo halikufanya hisani. Lilihamisha kazi na fungu lake kwa pamoja.

Alaska, yenye makabila zaidi ya 200, iliingia mkataba wa aina hiyo Oktoba 2017 na makabila na mashirika yao 18. Huko watoto wa Wenyeji ni zaidi ya nusu ya wote walio mikononi mwa serikali, na vijiji vingi hufikika kwa ndege tu. Mkataba ulianza na kazi ambazo kabila huzifanya vizuri kuliko ofisi ya jimbo mjini Anchorage: kutafuta jamaa wa mtoto, kukagua nyumba ya mlezi, kusimamia ziara za wazazi. Ofisa wa jimbo anayetua asubuhi na kuondoka jioni hawezi kujua kwamba binamu wa mama, aliyehama miaka mitano iliyopita, amerudi kijijini na ameacha pombe. Jirani yake anajua. Wakosoaji wanasema mkataba huu unalipa kidogo na unategemea utashi wa kila bajeti ya jimbo, nami naona wana haki, lakini umeanza mahali sahihi.

Baada ya fedha linakuja suala gumu zaidi, la maana ya familia. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1997 inalisukuma jimbo liombe haki za wazazi zifutwe pindi mtoto anapokuwa amekaa katika malezi miezi 15 kati ya 22, ijapokuwa kuna misamaha, ukiwamo wa mtoto aliyeko kwa jamaa. Nyuma ya kanuni hiyo kuna wazo kwamba mtoto hawezi kupata nyumba mpya mpaka ile ya zamani ifungwe kisheria. Makabila mengi hayana wazo hilo katika mila zao. Mtoto anaweza kupewa walezi wa kudumu na bado mama yake akabaki kuwa mama. White Earth wanaidhinisha kuasili kwa mila kwa namna hiyo, bila kufuta haki za mzazi, na California iliutambua utaratibu huo katika mahakama zake kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2009. Msomaji wa pwani atakumbuka kafala, malezi ya Kiislamu yasiyobadili nasaba ya mtoto, ambayo Kenya imeyaingiza katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Watu wawili wasiojuana, wa bahari mbili tofauti, wamefika kwenye jibu lenye sura moja, na watunga sera wangefanya vyema kujiuliza kwa nini.

Hapo ndipo hoja ya ushahidi inapoingia. Tangu mwaka 2018 serikali kuu imekuwa tayari kulipia huduma za kuzuia mtoto asiondolewe, mradi huduma hiyo iwe imethibitishwa kwa utafiti. Kabila linalopokea fedha moja kwa moja linaweza kuruhusiwa kutumia huduma zinazotokana na mila zake. Kabila linalozipata kupitia jimbo hufungwa na masharti ya jimbo. Tofauti hiyo inarudi palepale pa mkoba. Simpingi anayedai ushahidi. Family Spirit, programu ya kuwatembelea akina mama vijana iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na jamii za Navajo na Apache, ilijaribiwa kwa majaribio ya kitaalamu na ikaonyesha kupungua kwa sonona na matumizi ya dawa za kulevya kwa akina mama, na nafuu katika tabia za watoto. Wanaotembelea ni wanawake wa jamii hiyohiyo, si wauguzi kutoka mbali. Lakini majaribio ya namna hiyo yanahitaji miaka, mamia ya familia na chuo kikuu tajiri. Kabila lenye watoto 40 halitawahi kuwa na idadi ya kutosha kuzithibitishia kompyuta za serikali kuu kwamba bibi anafaa.

Upande wa pili una hoja zake, na si zote ni za chuki. Walioipinga sheria ya 1978 hadi Mahakama ya Juu, wakiwamo jimbo la Texas na familia za walezi, walidai kwamba inamtendea mtoto kwa asili yake badala ya mahitaji yake. Tarehe 15 Juni 2023, kwa kura 7 dhidi ya 2, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Amy Coney Barrett, mahakama iliiacha sheria isimame. Dai la ubaguzi halikuamuliwa, kwa kuwa walalamikaji hawakuwa na sifa ya kulileta, kwa hiyo linaweza kurudi. Msingi wa makabila ni kwamba uhusiano huu ni wa uraia wa kisiasa, si wa damu. Ni msingi huohuo unaoeleza kwa nini mkimbizi wa Kikongo aliyehamia Texas au Kentucky, ambaye naye amezoea kumwacha mtoto kwa dada mkubwa au kwa jirani, hawezi kuitumia sheria hii anapobishiwa hodi na ofisa ustawi: ana ukoo na ana mila, lakini hana mkataba wa dola na dola.

Hofu iliyo chini ya hoja hizo ni kwamba kabila likipewa mamlaka litamng'oa mtoto popote alipozoea, kwa ajili ya kuongeza jina kwenye daftari. Hofu hiyo ilikwisha kupimwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri la mapacha wa kabila la Choctaw la Mississippi, ambao mama yao alisafiri kama maili 200 ili wazaliwe nje ya ardhi ya kabila na waasiliwe huko. Mahakama iliamua kwamba makazi ya mapacha kisheria yalikuwa ya wazazi wao, kwa hiyo shauri lilikuwa la mahakama ya kabila tangu mwanzo. Walipofikishwa huko walikuwa na umri wa miaka minne hivi na walikuwa wamemzoea mama aliyewalea. Jaji wa kabila, akiwa sasa na mamlaka yote ya kuwachukua, aliwaacha kwake, akaagiza wasikatwe uhusiano na jamaa zao wa Choctaw.